Mafuta ya mwili wakati wa balehe: upi ni ukuaji, upi ni unene wa kushughulikiwa?

MwalimuWaAfya

Habari za jioni wakuu. Nasimamia afya na michezo shule ya msingi, darasa la tano hadi la saba. Tukipima uzito tunakuta wasichana wa miaka 11 na 12 wameongezeka kilo sita, saba, hata nane ndani ya mwaka, na wazazi wanashtuka. Wapo wanaowanyima mabinti chakula cha usiku, wapo waliofuta uji wa asubuhi. Wavulana nao hujaa mashavu na tumbo darasa la tano, kisha wakifika kidato cha pili wamerefuka na kukonda bila mtu kuwapunguzia chochote.

Kikao cha wazazi kiko karibu. Naomba wenye utaalamu mnieleze: mafuta ya mwili yanatakiwa yabadilike vipi kwa kila jinsia? Mzazi atajuaje kwamba mwanawe amevuka mpaka? Na yule aliyevuka kweli afanyiwe nini bila kumharibia ukuaji? Naomba namba, maana wazazi wangu wanapenda namba.

---

AfisaLishe_Wilaya

Mwalimu, pole na majukumu. Swali la kwanza ndilo mzizi, kwa hiyo nitalikalia.

Kabla ya balehe mtoto wa kike na wa kiume wanakaribiana, mafuta ni kama asilimia 15 hadi 19 ya uzito. Balehe ikianza njia zinaachana. Msichana hupanda hadi asilimia 25 hivi anapomaliza kukua. Mvulana hupanda kidogo kati ya miaka 9 na 12, kisha hushuka hadi asilimia 12 au 15. Wote wawili wana afya njema. Anayemlinganisha binti yake na kaka yake anafanya hesabu isiyolingana tangu mwanzo.

Waandikie wazazi hesabu hii ubaoni. Msichana wa miaka 10 ana kilo 32, mafuta asilimia 18, yaani kilo 5.8. Akifika miaka 16 ana kilo 52, mafuta asilimia 25, yaani kilo 13. Kwa miaka sita ameongeza kilo 20, na mafuta ndani yake ni kilo saba na kidogo, wastani wa kilo moja na robo hivi kwa mwaka. Kilo 13 zilizobaki ni mifupa, misuli, damu, maji na viungo vya ndani. Mzazi anayemnyima chakula ili zile saba zisiingie anazipunguza na hizi 13.

Sasa mvulana. Miaka 12 ana kilo 40, mafuta asilimia 20, yaani kilo 8. Miaka 16 ana kilo 58, na mafuta bado kilo 8. Asilimia imeshuka hadi 14 wakati mafuta hayajapungua hata gramu. Misuli na mifupa ndiyo iliyoyazidi. Hao ndio vijana wako wa kidato cha pili waliokonda bila kupunguziwa chakula.

Hizo kilo nane kwa mwaka zisiwatishe peke yake. Kwenye kilele cha ukuaji msichana huongeza karibu kilo 8 kwa mwaka na mvulana karibu kilo 9. Karibu nusu ya uzito wa mtu mzima huingia mwilini katika kipindi cha balehe.

Kuhusu mpaka: acheni kabisa jedwali la BMI (uzito wa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita mara urefu huo huo) la watu wazima, lile la 18.5 hadi 24.9. Kwa jedwali hilo msichana wa miaka 12 mwenye BMI 17 ataambiwa amekonda, wakati yuko sawa kabisa. Tumieni chati ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007, ya miaka 5 hadi 19, inayosoma BMI kwa umri na jinsia. Ina mstari wa katikati, na mistari ya juu na chini yake yenye alama kama +1, +2 na −2. Juu ya +1 ni uzito uliozidi, juu ya +2 ni unene uliokithiri, chini ya −2 ni wembamba wa kutiliwa maanani. Kwa umri unaousimamia:

Wasichana wa miaka 12: katikati 18.0, +1 ni 20.8, +2 ni 25.0, −2 ni 14.4.
Wasichana wa miaka 13: katikati 18.8, +1 ni 21.8, +2 ni 26.2, −2 ni 14.9.
Wavulana wa miaka 12: katikati 17.5, +1 ni 19.9, +2 ni 23.6, −2 ni 14.5.
Wavulana wa miaka 13: katikati 18.2, +1 ni 20.8, +2 ni 24.8, −2 ni 14.9.

Mfano: binti alikuwa na miaka 11, sentimita 142, kilo 37. Leo ana miaka 12, sentimita 150, kilo 45. Amepanda kilo nane. Gawanya 45 kwa 1.50 mara 1.50, unapata 20.0. Bado yuko chini ya 20.8, na amerefuka sentimita nane. Huyo anakua, mwacheni ale uji wake.

Shida ni kwamba kadi ya kliniki huishia miaka mitano. Baada ya hapo hakuna anayemfuatilia mtoto mpaka siku nguo za sikukuu zilipokataa kufungika. Shule ikiweka daftari la urefu na uzito la kila mtoto, nusu ya ugomvi huu itaisha.

---

Biolojia_KidatoCha6

AfisaLishe kaeleza kiasi. Naongeza mahali mafuta yanapokaa na nani anayeyatuma huko, kwa sababu kipimo cha kilo hakionyeshi hilo.

Balehe huanza ubongoni, kwenye hipothalamasi, inapotoa homoni kwa mikupuo, hasa usiku. Tezi ya pituitari inapokea, inaamsha ovari au korodani. Estrojeni ya msichana hupeleka mafuta kwenye matiti, nyonga, makalio na mapaja, chini ya ngozi. Testosteroni ya mvulana hujenga misuli na kupunguza mafuta ya mikono na miguu. Ndiyo maana mkono wa kijana wa miaka 14 huonekana kama kamba: urefu unapokwenda kasi zaidi, tabaka la mafuta kwenye mikono yake hupungua kweli, si kwa asilimia tu. Kwa msichana tabaka hilo hupunguza mwendo wa kuongezeka, halafu linaendelea.

Ratiba nazo hazifanani, na hapa ndipo wazazi wengi wanapopotea. Msichana hurefuka kwa kasi kubwa karibu na miaka 12, kama sentimita 8 kwa mwaka, na kasi kubwa ya uzito hufuata baada ya miezi sita hivi. Yaani kuna kipindi anaacha kukimbilia juu na kilo bado zinaingia. Mzazi anaona binti "kabadilika ghafla" wakati ni uzito unaoufuata urefu. Kwa mvulana vyote viwili hufika kilele pamoja, karibu na miaka 14, sentimita 9 hadi 10 kwa mwaka.

Mafuta hayakai kimya. Seli zake hutoa leptini, homoni iliyogunduliwa mwaka 1994 na maabara ya Jeffrey Friedman huko New York. Leptini huujulisha ubongo kwamba akiba ya nishati ipo. Miaka ya 1970 Rose Frisch alipendekeza kwamba msichana huvunja ungo akifikia kiwango fulani cha mafuta, karibu asilimia 17. Namba moja kwa wasichana wote haikusimama, kwa sababu wapo wanaovunja ungo wakiwa chini au juu yake. Lakini msingi umebaki: akiba ikiwa ndogo sana, ubongo huchelewesha balehe au kusimamisha hedhi. Ikiwa kubwa mno kwa msichana, balehe huwahi. Leptini inafungua mlango tu, haimsukumi mtu kuingia.

Jambo la mwisho ni insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Katikati ya balehe, homoni ya ukuaji hufanya mwili usiisikie insulini vizuri, usikivu hushuka kama theluthi moja, kisha hurudi ukuaji ukiisha. Hii hutokea hata kwa mtoto mwembamba. Kwa mtoto mnene tayari, huo ni mzigo juu ya mzigo.

---

MwalimuWaAfya

Ahsanteni sana, nimeandika yote. Kuna mawili yanajirudia kila mwaka. Kwanza wavulana wa darasa la saba wanaokataa kuvua shati michezoni kwa sababu kifua kimeota, wenzao wanawacheka. Pili watoto wenye shingo nyeusi nyuma, wazazi wanalaumiwa kuwa hawawaogeshi. Je, yana uhusiano na mada hii?

---

Dkt_Watoto

Yana uhusiano wa moja kwa moja, mwalimu, na umefanya vizuri kuuliza.

Kifua. Zaidi ya nusu ya wavulana hupata uvimbe kidogo chini ya chuchu karibu na miaka 13 au 14, kwa sababu estrojeni kidogo waliyonayo hutangulia testosteroni kwa muda. Mvulana mwenyewe akigusa atakuta kitu kigumu kidogo, cha mviringo kama kifungo cha shati, kimekaa sawasawa chini ya chuchu na kinauma akigongwa. Hiyo ni tishu ya titi, na huondoka yenyewe kati ya miezi 6 na miaka 2. Kama ni laini kote, haina kifungo, basi ni mafuta, na hayo hufuata uzito wa mwili wote. Asikibinye kila siku kuangalia kama kimeondoka, atakiumiza tu. Aje hospitali kama kivimbe kiko pembeni badala ya chini ya chuchu, kama kinatoa majimaji au damu, kama kimepita sentimita 5, kama kimeanza kabla ya dalili yoyote ya balehe, au kama miaka 17 imefika na bado kipo. Na kwa shule: mruhusuni avae fulana uwanjani. Hakuna mchezo wa shule unaohitaji kifua wazi.

Shingo. Ngozi nyeusi, nene, ukiigusa ni kama kitambaa cha mahameli, nyuma ya shingo, kwapani, mara nyingine kwenye mikunjo ya viwiko. Mama anasugua kwa dodoki, anapaka ndimu, mtoto anachubuka na weusi unabaki. Si uchafu. Ni insulini nyingi kwenye damu inayozifanya seli za ngozi ziongezeke. Ni ile hali aliyoitaja Biolojia, imezidi mpaka inaonekana kwa macho. Mtoto huyo apimwe sukari ya asubuhi kabla ya kula na shinikizo la damu, na mwenye historia ya kisukari katika familia asicheleweshwe. Uzito ukirekebishika, ngozi hufifia taratibu kwa miezi.

Sasa lile ambalo ningependa kila mzazi alikariri: tazama urefu kabla ya kutazama tumbo. Mtoto anayenenepa kwa kula kupita matumizi yake kwa kawaida anarefuka vizuri, tena huwa mrefu kuliko wenzake. Mtoto anayenenepa huku urefu umesimama ana jambo jingine. Kati ya miaka 5 na balehe mtoto hurefuka sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Akinenepa na mwaka mzima hajafikisha sentimita 4, mleteni. Tutaangalia tezi ya thairoidi shingoni na homoni ya kotisoli. Ukiona na michirizi mipana ya zambarau tumboni, uso wa mviringo uliojaa, mikono na miguu membamba, usisubiri mwaka uishe. (Michirizi myembamba kwenye mapaja na nyonga ni ya kawaida, ngozi imevutwa haraka, na hufifia.)

Upande wa pili husahaulika kabisa, kwa kuwa wembamba husifiwa. Binti aliyekuwa anapata hedhi akakaa siku 90 bila kuiona, hasa kama ni mkimbiaji au kama ameanza kuruka milo, akili yake imeshapokea ujumbe kwamba chakula hakitoshi. Mifupa ndiyo inayolipa, kwa kuwa karibu asilimia 90 ya uimara wa mifupa ya maisha yote hupatikana kabla ya miaka 18. Kipimo cha mimba nacho hufanywa, kwa staha na kwa siri yake. Mizunguko ya miaka miwili ya mwanzo kupishana siku 21 hadi 45 ni kawaida. Kufika miaka 15 bila kuvunja ungo, au miaka mitatu kupita tangu matiti yaanze, si kawaida.

Na nyakati: matiti kabla ya miaka 8, au korodani kukua kabla ya miaka 9, ni mapema mno. Miaka 13 kwa msichana au 14 kwa mvulana bila dalili yoyote ni kuchelewa.

---

Mfamasia_Mtaani

Daktari ametaja kotisoli nami siwezi kunyamaza. Mabinti wa sekondari wananunua vidonge vya "kuongeza shepu" vinavyohesabiwa kwenye kijikaratasi, bila jina. Mara nyingi ndani yake ni deksamethasoni na siproheptadini. Ya pili ni dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi, mtoto anasinzia darasani. Ya kwanza ndiyo ya hatari: inafanana kazi na kotisoli, inajaza uso na tumbo (nyonga hazipati kitu, hizo ni kazi ya estrojeni), inasimamisha urefu, inapandisha sukari na shinikizo la damu.

Mzazi akigundua, asimkatishe ghafla kama ametumia kwa wiki kadhaa. Tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza kotisoli ya mwili, zimeshalala, na kuacha kwa siku moja kunaweza kumwangusha kwa kutapika, kushuka shinikizo na kuzimia. Aende hospitali na vidonge vyenyewe mkononi, dozi ishushwe hatua kwa hatua. Krimu kali za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli, dawa ya jamii moja na deksamethasoni, zikipakwa mwili mzima kila siku, huingia kwenye damu na kufanya yale yale.

---

AfisaLishe_Wilaya

Nimalizie swali la tatu la mwalimu, la aliyevuka mpaka.

Mtoto anayekua hapunguzwi kilo, isipokuwa daktari amesema. Anashikiliwa palepale, urefu umalize kazi. Binti wa miaka 12 mwenye sentimita 150 na kilo 58 ana BMI 25.8, juu ya +2. Akibaki na kilo 58 mwaka mzima akarefuka hadi 156, BMI inakuwa 23.8, na mstari wa +2 kwa miaka 13 ni 26.2. Ameshuka daraja bila kulala njaa hata siku moja.

Pa kuanzia ni vinywaji. Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hadi 39 kwa nyingi ya zile za kola, karibu vijiko tisa vya chai. Chai vikombe vitatu kwa vijiko vinne kila kimoja ni vijiko 12, kama gramu 48. Kwa anayekula kilokalori 2,000, kikomo cha siku ni gramu 50. Kwa hiyo chai peke yake imekaribia kukimaliza, kabla ya andazi. Shusha kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi unazoea.

Uji wa asubuhi usifutwe. Mtoto aliyetoka nyumbani tumbo tupu anafika mapumziko ana njaa na shilingi mia tano, atanunua kinachouzwa getini, nacho ni chipsi na kashata. Sahani ya mchana na usiku: nusu mboga na matunda, robo ugali au wali, robo maharage, samaki, mayai au nyama. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Umri wa miaka 9 hadi 18 unahitaji kalisi miligramu 1,300 kwa siku. Glasi ya maziwa ya mililita 250 hutoa kama 300, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni msaada mkubwa mahali maziwa ni ghali. Kwa mabinti walioanza hedhi ongezeni madini ya chuma, na chai isinywewe pamoja na chakula, iachwe saa moja, kwani huzuia chuma cha maharage na mboga kufyonzwa.

Mazoezi dakika 60 kila siku, kuruka kamba na kucheza rede vinahesabika. Usingizi saa 8 hadi 10 kuanzia miaka 13. Simu ilale chumba kingine.

---

MwalimuWaAfya

Hapo nimepata. La mwisho: tunapima kwa mizani ya chumbani na futi iliyobandikwa ukutani. Mizani mojawapo inatoa hadi asilimia ya mafuta. Tuitumie?

---

AfisaLishe_Wilaya

Asilimia ya ile mizani usiiandike. Inapitisha umeme mdogo miguuni na kukisia kwa kiasi cha maji mwilini. Mtoto akinywa maji, akitoka kukimbia au akiwa na miguu mikavu, namba inabadilika siku hiyo hiyo. Uzito wake tu utumie, nao uhakiki kwanza: pima dumu tupu, lijaze lita 10 za maji, pima tena. Tofauti iwe kilo 10. Ikiwa 11, mizani inadanganya.

Urefu: viatu nje, visigino, makalio na mabega vigusane na ukuta, macho yatazame mbele. Weka kitabu kigumu kichwani kwa pembe mraba. Misuko iliyofungwa juu inaongeza sentimita mbili tatu, mwombe aifungue au aielekeze nyuma.

Kiuno: futi ya fundi cherehani, mtoto akiwa amesimama na amemaliza kutoa pumzi ya kawaida, katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Juu ya fulana nyepesi panatosha kwa shule. Futi ilale sawasawa mgongoni, isibane. Pima mara mbili, zikipishana zaidi ya sentimita moja rudia. Kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu: mwenye sentimita 150 asifike 75. Nyonga na mapaja hayaingii kwenye kipimo hiki, kwa hiyo binti aliyejaa nyonga kwa balehe hatahukumiwa nacho.

Kila miezi sita inatosha. Kwa mwezi mmoja mtoto hurefuka nusu sentimita tu, na kosa la mpimaji ni kubwa kuliko hiyo. Mpime mmoja mmoja chumbani, apime mwalimu wa kike kwa wasichana, na namba isisomwe kwa sauti. Iandikwe, daftari lifungwe, aitwe mwingine.